Mafuta ya Mawese Kwenye Vitabu vya Buluu

Vile vitabu vya buluu mlivyoviweka kwenye boksi la kutupa, nimevirudisha kwenye rafu. Nilikuja kuchukua koti langu, nikaviona, nikavirudisha. Yule kijana mpya, aliyesomea kazi hii Kinshasa, aliniambia kwa heshima nyingi, "Papa, hizi bitabu iko na mafuta. Hali yake ni mubaya." Nikamwambia mafuta hayo nayajua, niliyasimamia mwenyewe. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mzee aliyevaa shati kinyume.

Bon. Sasa nimestaafu, nina kiti kizuri na hakuna anayeniita. Mmeniomba niandike jinsi nilivyowachagulia vitabu watoto wenye akili nyingi. Nitaandika, na msinisahihishe. Shule nilifika darasa la pili, nikatoka kwa sababu baba yangu alihitaji mikono kibandani kwake. Mikono hiyo ndiyo iliyonileta kwenye vitabu. Kichwa kilifuata baadaye, taratibu.

Baba alikuwa fundi viatu, mtu wa zile familia za Kiislamu zilizokuwa mjini hapa kabla Wabelgiji hawajaupa mji jina lao. Siku moja Mbelgiji wa nyumba hii ya vitabu, maktaba ya wazungu, alileta viatu vyake, akaangalia mshono wangu kwa muda mrefu, akauliza kama naweza kushona kitabu. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimewahi kushona kitabu, lakini mzungu akiuliza swali kama hilo jibu ni moja tu. Tulimwita Bwana Kimya, maana hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote, na kazini alilisema kutwa nzima.

Siku yangu ya kwanza alinipa kamusi kubwa iliyovunjika mgongo. Niliishona kama ndara ya mtu anayetembea kwa miguu hadi Maniema: uzi wenye nta, mara mbili, nikakaza kwa meno. Jioni ilikuwa kamusi imara kuliko zote Kongo nzima. Haikufunguka. Bwana Kimya alijaribu kwa mikono miwili, halafu akachukua kisu, akakata mshono wangu wote bila kugomba, akaketi kando yangu, akanionyesha. Kiatu kizuri hakiachii. Kitabu lazima kiachie. Kwa mkono wake nilijifunza sindano iliyopinda, mfupa wa ng'ombe wa kulainishia mikunjo, na gundi ya unga wa muhogo. Gundi hiyo mende wanaipenda kuliko sisi tunavyopenda chikwangue, mkate wetu wa muhogo. Nilitia pilipili, wakaja wengi zaidi. Mwishoni nikatia mrututu, ile dawa ya buluu ya madonda, na mende wakahamia ofisi ya posta. Mkiitumia, msisahau kunawa.

Jambo kubwa alilonifundisha Bwana Kimya hakujua kama ananifundisha. Kila kitabu kilichokuja mezani kwangu, nilikiangalia upande ule kurasa zinapofungukia. Mimi napaita mdomo wa kitabu. Mahali watu waliposoma, mdomo una weusi: jasho, moshi, vidole. Waliposhindwa, weusi unakatika, na kuanzia hapo karatasi ni nyeupe kama siku ya kwanza. Sikuhitaji Kifaransa kujua kwamba kitabu fulani kimechosha watu katikati. Wale Wakongo wachache waliokuwa na kadi ya serikali ya kuingia mle walijifanya wamesoma vitabu vizito. Mimi nilikuwa naona mdomo. Nilinyamaza, maana hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Dipanda, uhuru wetu, ilipofika, Bwana Kimya aliondoka na sanduku moja na paka wake. Alinipa ufunguo, akasema "kimya," safari hii kwa sauti ya chini, akaenda zake uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Watu husema nilipandishwa cheo. Hapana. Nilikuwa na ufunguo.

Basi wakaja watoto. Zamani hawakuruhusiwa, sasa wakaja kama maji ya mto Tshopo wakati wa mvua, na nyuma yao mama zao. Kila mama wa mtaa wa Kabondo alikuwa amezaa mtoto wa ajabu. "Papa, huyu anasoma hata maandishi ya mifuko ya saruji!" Nilikuwa najibu, "Mama, saruji hatuna. Tumpe nini?" Na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli, kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma Kifaransa kama mtu anayevuka tope: mguu mmoja, kupumzika, mguu mwingine.

Nilitumia mdomo. Mtoto wa kawaida nilimpa kitabu chenye weusi hadi mwisho, maana watu wengi wamefika na yeye atafika. Mtoto mwenye akili nilimpa kile ambacho weusi wake umekatika katikati. Akikirudisha, naangalia. Kama weusi umesogea mbele, huyo nampa kingine. Kama umesimama palepale wazee walipokwama, namwambia mama yake, "Ana akili za kutosha," na mama anafurahi, nami sijasema uongo.

Njia hiyo ilikuwa nzuri, ila haikujua vitabu vinahusu nini. Kulikuwa na kitabu kimoja cheusi mdomo mzima, kimelainika kwa vidole, kimeshiba mikono ya watu. Nikasema hiki ndicho mwalimu wa vyote. Nikampa kijana mmoja hodari sana kutoka upande wa kushoto wa mto. Alikaa nacho siku kadhaa, akarudi amekonda uso.

"Papa," akasema, "miye naona kitabu hii inanitesa."

"Ni kigumu?"

"Hapana. Inasema tu juu ya siagi, mayai, nyama ya ndama. Na kwetu tunakula sombe, majani ya muhogo tu, bila samaki."

Kilikuwa kitabu cha mapishi cha wake wa wazungu, na ule weusi ulikuwa wa wapishi wao. Vidole vile havikusema uongo. Mimi ndiye niliyeviuliza vibaya.

Halafu akaja binti mmoja, Mwamini. Mama yake aliuza mafuta ya mawese sokoni, na Mwamini ndiye aliyepima, akamimina, akafuta chupa. Alikuwa na umri wa kubeba mdogo wake mgongoni na akili ya kubeba mji. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, mikono myekundu hadi viwikoni, akachukua kitabu, na kitabu kikatoka kama kimechovywa kwenye mchuzi. Nilimpigia kelele. Akasema, "Pole, Papa," akageuza ukurasa kwa kidole kilekile.

Kwa ajili yake niliweka ndoo mlangoni. Ndoo, sabuni, kitambaa. Sheria ikawa moja kwa wote, mkubwa na mdogo: bila kunawa, huingii. Niliisema mara nyingi hata watoto wakaacha kuniita jina langu. Waliniita Papa Nawa.

Mwamini alinawa, na akasoma kama mchwa anavyokula mlango. Alipomaliza hadithi, alihamia kwenye mfululizo wa vitabu vikubwa vya buluu: kimoja cha mbingu, kimoja cha mawe, kimoja cha mimea, kimoja cha mwili wa mtu, na vingine. Hakuna mtu aliyevigusa tangu viletwe kwa meli. Alivichukua kwa mpangilio, kama mtu anayelima shamba. Aliniambia anataka kuwa daktari. Nikasema sawa, kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa waziri, na daktari tulimhitaji zaidi.

Tatizo ni kwamba mdomo wa vitabu ulinyamaza. Mikono ilikuwa safi! Nilimwuliza, "Umesoma kweli?" maana sikuona kitu. Akachukia. Akasimama mbele ya meza yangu, akanieleza mwezi, namna unavyovuta maji ya bahari, mimi nikiwa na gundi mkononi. Alipomaliza, gundi ilikuwa imekauka kwenye vidole. Tangu siku hiyo nikapata njia ya pili, na hiyo ndiyo ninayowaachia: mwambie mtoto akusimulie. Gundi ikikauka, kitabu kilikuwa kizuri na mtoto pia. Mtoto mwenye akili nyingi hahitaji kuambiwa ana akili. Anahitaji mtu wa kumsikiliza hadi mwisho.

Halafu waasi wakauchukua mji. Shule zilifungwa. Walimu na makarani walijificha, maana waasi walikuwa wanawatafuta watu waliosoma, na kalamu kwenye mfuko wa shati ilitosha kumwua mtu. Jirani yangu karani alizika miwani yake uani. Ndiyo mara ya kwanza darasa langu la pili kunifaa kitu. Nilifungua nyumba ya vitabu kama kawaida, kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kufanya na ufunguo ule, na kwa sababu Mwamini alikuwa amefika kwenye kitabu cha mwili wa mtu. Hakukuwa tena na shule yoyote ya kumfundisha udaktari isipokuwa vile vitabu vya buluu.

Asubuhi moja akaja Komanda na vijana wake. Nasema Komanda kwa sababu hivyo ndivyo alivyotaka. Ndevu zilikuwa bado zinafikiria kama zije. Alikuwa na ngozi ya chui kichwani na majani shingoni, na bunduki. Alitia mguu mlangoni, na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukasema, "Nawa mikono."

Vijana wake wakanyanyua bunduki. Yeye akaiangalia ndoo.

"Siwezi kunawa, mzee," akasema. "Dawa itatoka."

Walikuwa wamepakwa dawa na kunyunyiziwa maji ya mganga, ili risasi zikiwafikia zigeuke maji. Dawa ilikuwa na masharti yake: wasioge, wasinawe, wasiguswe na asiyepakwa, wasimshike mwanamke hata mkono.

"Basi usiguse kitabu," nikasema. Sijui nani alinisemea.

"Alors, nitaona namna gani?"

"Nitakushikia."

Akafikiri. Akakubali. Akaniuliza, "Weye uko entelektueli, mutu wa masomo?"

"Miye ni fundi wa viatu, Komanda."

"Unafanya nini humu?"

"Nashona."

Wakacheka wote, na mimi nikapumua. Akasema amekuja kuchoma vitabu vya wakoloni na kuacha vitabu vya wananchi, nimtengee. Nikaona kwamba yeye na mimi tulikuwa watu wa darasa moja: alishikiwa kitabu juu chini, akaona sawa. Basi nikamwonyesha mdomo. Nikamwambia, "Komanda, angalia. Mzungu mikono yake ni misafi, haachi alama. Penye weusi, hapo pamepita mikono ya watu wetu."

Alifurahi mno. Hatimaye alikuwa na njia ya kuhukumu nyumba nzima bila kusoma neno, na bila kunawa. Nilijisifu moyoni, siwafichi. Hadithi, historia, kamusi yangu, vyote vilikuwa vyeusi vizuri, vikapona. Hata mapishi yalipona, yakahesabiwa kuwa mali ya wananchi. Nilipanga barazani zile safi: taarifa za makampuni ya pamba, sheria za mkoloni, hesabu za reli. Nani atazililia? Halafu akanyoosha kidole. "Na zile za buluu? Lete." Nikamshikia kimoja. Mdomo wake mweupe kama yai. "Hizo za kwanza kabisa," akasema. "Kesho asubuhi nakuja na moto. Kama moja haiko hapa, nitakuchoma weye."

Alipoondoka tu, Mwamini akaja, akanawa, akaona rundo barazani.

"Papa, kwa nini za buluu ziko inje?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kama nilivyomfundisha.

"Lakini Papa, nazisoma miye. Nazisoma kila siku!"

"Haionekani."

"Haionekani kwa sababu ulisema tunawe!"

Sheria yangu ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Kosa lilikuwa la maji. Lakini pale barazani, kilichokuwa kinakwenda motoni ni vile hasa ambavyo watoto wangu bora walivisoma kwa mikono safi, na vilivyopona ni vile vya kila mpita njia. Mtoto yule alisimama na machozi. Kisha machozi yakakoma. Akaiangalia ndoo, akaangalia mikono yake, akaondoka mbio.

Alirudi na dumu la mafuta ya mama yake na wenzake wote waliojua kusoma vizuri, na mmoja alikuwa na mkaa uliosagwa. Hapo, ndugu zangu, mimi Papa Nawa, niliyempiga kila mtoto wa Kabondo vidoleni kwa rula, nilisimama mchana kweupe nikipiga kelele, "Chafua!"

Ila kazi ni kazi. Mmoja alitaka kupaka kwa kitambaa. Nikamnyang'anya. "Hakuna mtu anayeshika kitabu hivyo, mupumbavu! Kidole gumba, hapa chini kwenye kona. Fungua ukurasa. Fungua tena. Usiruke!" Walicheka hadi wakakaa chini. Walipitia kila ukurasa, mafuta kidogo, mkaa kidogo, kama watu waliosoma miaka mingi kando ya jiko. Mwamini alipewa kitabu cha mwili. Alikuwa anachafua polepole kuliko wote. Nikamwambia aongeze mwendo.

"Nachafua, Papa," akasema bila kuinua macho. "Nasoma pia."

Asubuhi Komanda akaja. Aliuliza ziko wapi za buluu. Mwamini alikuwa amekaa kwenye ngazi, vyote vimepangwa kando yake na kimoja mapajani. Sikumwita mimi, alijileta. Akasimama, akakishika kitabu mbele yake kwa mikono miwili, mbali kidogo ili asimguse, na akamwonyesha mdomo.

Komanda akainama. Akanusa.

"Hii mafuta ni ya jana."

Nikasema kimya kimya yale ambayo Mwislamu husema wakati kama ule.

"Ndiyo, Komanda," akasema Mwamini. "Jana ulikubali kitabu ya bantu, ya wananchi, ni ile yenye mikono ya bantu. Jana mikono yetu iliingia. Sisi ndio bantu."

Vijana wake wakaanza kunong'ona. Yeye hakucheka wala hakukasirika. "Unaweza kusoma hii yote?"

"Ndiyo."

"Inasema nini?"

"Inasema moyo wako iko sawa na ngumi yako. Inafunga, inafungua, hata ukilala."

Komanda alikunja ngumi, akaiangalia. Aliifunga, akaifungua. Kwa mara ya kwanza nilimwona umri wake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ili vijana wake wasisikie, lakini mimi nilikuwa karibu: "Na juu ya maji yetu? Ya risasi? Inasema nini?"

Nilijua kwamba kila jibu lina hasara yake. Akisema dawa ni ya kweli, yeye si daktari tena. Akisema ni uongo, sote hatuoni jioni.

"Bado sijafika kule, Komanda," akasema Mwamini. "Ukichoma, sitafika."

Akamwangalia sana. "Ukifika," akasema, "utaniambia." Akageuka, akaamuru vitabu vya buluu virudishwe ndani, nami nikavibeba kabla hajafikiri tena. Rundo lililobaki wakalitia moto. Bahati, migongo ya taarifa zile nilikuwa nimeibandika mwenyewe kwa gundi yenye mrututu, na mrututu ukiungua moto wake ni wa kijani. Waliona moto wa kijani unatoka kwenye reli za wazungu, wakarudi nyuma, na hakuna aliyekuja kuongeza kitu kingine. Mende wa posta wangenicheka.

Komanda hakurudi kuuliza. Ndege za askari waliokuja kuwang'oa waasi zilishuka Simi-Simi na kukawa na risasi nyingi, na siku hizo nyumba ya vitabu niliifunga, mara hiyo moja tu. Sijui kilichompata. Nilipomkumbuka nilikumbuka ile ngumi.

Basi ninyi mnaochukua kazi yangu, ndoo iacheni mlangoni. Gundi itieni mrututu. Mtoto akija na mama anayesema ana akili za ajabu, mpeni kitabu, halafu kaeni, mumsikilize hadi gundi ikauke. Na vile vya buluu msivitupe. Mafuta yamekuwa ya kahawia sasa, lakini kona ya chini bado utaona kidole gumba cha kila mmoja. Cha Mwamini ndicho kidogo. Leo anatibu watu huko Yangambi, na akija kwa boti anapita kuvitazama, na hata yeye ananawa kwanza.

Mji ulipotulia na nilipofungua tena, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Nikamwuliza lile lililonikaa kooni.

"Siku ile ulikuwa hujafika kweli?"

"Nilimaliza jana yake, Papa. Nikichafua."

"Na juu ya maji? Iko kitu?"

"Iko ukurasa moja tu."

"Unasema nini?"

Akafuta mikono yake kwenye kitambaa, akachukua kitabu kilichofuata.

"Yachemshwe kwanza."